Sura ya Nane: Reli Ilikabidhiwa Julai, Mwenyekiti Akafa Septemba

Tarehe 14 Julai 1976, huko New Kapiri Mposhi nchini Zambia, China iliwakabidhi Watanzania na Wazambia reli ya Tazara, yenye urefu wa kilomita 1,860. Ujumbe wa China uliongozwa na naibu waziri mkuu aitwaye Sun Jian. Miaka michache tu nyuma, Sun alikuwa mfanyakazi wa kiwandani mjini Tianjin. Mapinduzi ya Utamaduni ndiyo yaliyomtoa karakana na kumpandisha ngazi, hadi Januari 1975 akawa anakaa meza moja na wazee waliopigana vita kabla yeye hajazaliwa. Alikabidhi reli, akapigiwa makofi, akapanda ndege kurudi kwao. Haikupita miaka miwili akawa amevuliwa cheo.

Mzee yeyote wa Tunduma anayeikumbuka Tazara ikijengwa atakutajia Mao. Wengi watamtaja na waziri mkuu wake, Zhou Enlai. Huyu aliyeshika hati za makabidhiano hatajwi na mtu, na kwao China pia wanaomtaja ni wachache. Namweka mlangoni mwa sura hii kwa sababu yaliyompata ndiyo yaliyoipata serikali iliyotujengea reli: ilimaliza kazi yake Afrika, ikageuka kwao na kuanza kulana.

Tunduma haikuwa na sababu ya kuyafuatilia hayo. Ulikuwa mji mdogo wa mpakani ndani ya Mkoa wa Mbeya (Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016), na mawazo ya watu yalikuwa kwenye mpaka, kahawa na bidhaa za dukani. Reli iliingia kutoka upande wa Mlowo na Vwawa, ikipita nchi ya Wanyiha na kuingia ya Wanyamwanga, kisha ikavuka kwenda Nakonde. Ilifika mpakani Agosti 1973. Mwezi huohuo, Beijing, Chama cha Kikomunisti kilikuwa na Mkutano Mkuu wake wa 10, na humo Wang Hongwen, kijana wa kiwanda cha nguo cha Shanghai, aliinuliwa hadi akawa wa tatu, nyuma ya Mao na Zhou. Vigogo waliokuwa chamani tangu miaka ya 1920 walimpigia makofi huku wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Wachina waliotandika mataruma walikaa kambini, kando na wenyeji, na baada ya kazi walikuwa na vikao vya kusoma siasa. Yaliyosomwa kambini yaliishia kambini. Kibarua wa Mbozi aliyeshinda na fundi wa Kichina kutwa nzima, wakielewana kwa ishara za mikono na maneno machache ya Kiswahili, aliijua bidii ya mwenzake na alijua anavyokunywa maji ya moto kwenye jua kali. Hakujua kwamba nyumbani kwa fundi yule mwalimu aliweza kupigwa na wanafunzi wake mwenyewe kwa kosa la kuwa na vitabu vya zamani.

Hapa inabidi tukubali jambo linalowakera wengi wetu. Mao aliyetusaidia na Mao aliyewatesa watu wake ni mtu mmoja. Benki ya Dunia ilipokataa reli hii kwa hoja kwamba haitalipa, China ilisaini makubaliano ya kuijenga, Beijing, tarehe 5 Septemba 1967, kisha ikatoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Zaidi ya Wachina 60 walifia kwenye kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto. Mao huyohuyo alikuwa ameiburuta nchi yake kwenye Mruko Mkubwa wa Mbele kuanzia 1958, ikafuata njaa ambayo makadirio ya wasomi yanasema iliua watu kati ya milioni 15 na zaidi ya milioni 40. Mwaka 1966 akaanzisha Mapinduzi ya Utamaduni, ambayo lengo lake moja lilikuwa kuwasafisha wenzake wa juu. Liu Shaoqi, aliyempokea Nyerere Beijing Februari 1965 akiwa mkuu wa nchi, alikufa kizuizini mwaka 1969, mgonjwa na bila jina. Mwaka huo makundi ya wapimaji wa Kichina yalikuwa porini kwetu yakichora njia ya reli.

Kwa hiyo yuan zile zilitolewa na taifa maskini ambalo raia wake hawakuulizwa. Kusema hivyo hakuondoi shukrani. Kunatukumbusha tu kwamba mfadhili naye alikuwa na nyumba, na nyumba ile ilikuwa inavuja.

Mwaka 1976 ikabomoka kuta zote kwa mpigo. Zhou Enlai alikufa Januari 8. Mwanzoni mwa Aprili, watu wa Beijing walimiminika uwanja wa Tiananmen na mashada ya maua na mashairi ya kumlilia, na mashairi mengi yalikuwa na mafumbo yaliyomlenga Jiang Qing, mke wa Mao. Serikali ikaondoa mashada usiku, na tarehe 5 watu wakapambana na askari. Siku mbili baadaye naibu waziri mkuu Deng Xiaoping alivuliwa nyadhifa zote kwa tuhuma kwamba mkono wake ulikuwemo. Alikuwa ameshaangushwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, hivyo kuanguka hakukuwa jambo geni kwake. Nafasi ya waziri mkuu ikachukuliwa na Hua Guofeng, mtu mpole ambaye hakuna aliyemhofia, na bila shaka ndiyo maana akapata. Julai 6 akafa Zhu De, mwasisi wa jeshi. Siku nane baadaye Sun Jian yuko Kapiri Mposhi akitabasamu. Julai 28 tetemeko la ardhi likauteketeza mji wa Tangshan, na hesabu rasmi ya waliokufa ikafikia zaidi ya 240,000. Septemba 9, dakika chache baada ya saa sita usiku, Mao akakata roho.

Hakuacha utaratibu wa kurithiana. Kulikuwa na katiba, Kamati Kuu na mikutano mikuu, lakini vyote vilikuwa vimezoea kusubiri neno la mtu mmoja, na mtu mmoja hayupo tena. Upande mmoja walikaa Jiang Qing, Wang Hongwen, Zhang Chunqiao na Yao Wenyuan, walioshika magazeti, redio, sinema na jukwaa la opera. Upande wa pili walikaa wazee wa jeshi. Wale walikuwa na maneno na hawa walikuwa na bunduki. Usiku wa Oktoba 6, hata mwezi haujaisha tangu Mao afe, watatu kati ya wanne waliitwa kikaoni Zhongnanhai, makao ya viongozi, kwa kisingizio cha kujadili uchapishaji wa juzuu ya tano ya maandiko ya Mao. Walikamatwa mmoja mmoja kadiri walivyoingia. Jiang Qing alifuatwa nyumbani kwake. Aliyewaongoza askari alikuwa Wang Dongxing, mkuu wa walinzi wa Mao mwenyewe, na nyuma yake walikuwapo Hua na Marshali Ye Jianying. Haikulia risasi hata moja. Wananchi walipotangaziwa, wakafurika mitaani kusherehekea anguko la “Genge la Wanne”, na waliokuwa wakiwaimba wiki iliyotangulia walikuwa mstari wa mbele.

Hua alishika uenyekiti kwa hoja moja: Mao, akiwa kitandani, alimwandikia karatasi kwamba mambo yakiwa mikononi mwake yeye ana raha moyoni. Utawala wa watu karibu bilioni moja ulisimama juu ya kikaratasi. Hua akachana nywele kuelekea nyuma kama Mao, na picha yake ikatundikwa pembeni ya ile ya marehemu katika shule na ofisi. Tarehe 7 Februari 1977 magazeti makuu yakatoa tahariri kwamba uamuzi wowote wa Mao utatetewa na agizo lolote la Mao litafuatwa. Siku mbili kabla, sisi huku tulikuwa tumezika TANU na ASP na kuizaa CCM, na kila mtu alikuwa anahangaikia kadi mpya.

Deng alirudi Julai 1977, kwa kuwa jeshi lilimtaka na uchumi ulikuwa taabani. Hakumshambulia Hua usoni. Mei 1978 gazeti la Guangming lilichapa makala iliyosema kipimo pekee cha ukweli ni matendo. Kwa msomaji wa kawaida lilikuwa somo kavu la falsafa, lakini kila kiongozi alielewa limelengwa wapi: kama matendo ndiyo kipimo, basi kauli ya marehemu haitoshi kuwa hoja. Hua alitolewa kidogokidogo. Mwaka 1980 uwaziri mkuu ukaenda kwa Zhao Ziyang, na Juni 1981 uenyekiti wa chama ukaenda kwa Hu Yaobang. Hakufungwa wala kupigwa, na kwa siasa za China hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko watu wanavyolipa uzito.

Vitabu vingi huishia hapo, kwa wazee na vikao vyao. Mimi nadhani nguvu ya Deng haikutoka vikaoni peke yake. Novemba 1978, katika mtaa wa Xidan, magharibi ya Tiananmen, watu walianza kubandika karatasi kwenye ukuta mrefu wa matofali. Walianza waliodhulumiwa: mama aliyefiwa na mwanawe gerezani, mwanakijiji aliyetoka mbali kutafuta haki ya baba aliyeitwa adui wa tabaka. Wakafuata waliotaka kusema mambo ya nchi. Watu walisimama kwenye baridi, mmoja akisoma kwa sauti ili wa nyuma wasikie. Ukuta ukaitwa Ukuta wa Demokrasia. Deng aliwaambia wageni kwamba hauna ubaya. Kwa nini aseme vingine? Karatasi nyingi zilimuunga mkono yeye na kulikosoa kundi la Hua, na mkutano wa Kamati Kuu wa Desemba, ule uliompa ushindi, ulikuwa mlangoni.

Desemba 5 alibandika karatasi yake Wei Jingsheng, fundi umeme wa bustani ya wanyama ya Beijing, mwenye umri wa miaka 28. Serikali ilikuwa inahubiri kuvifanya vya kisasa vitu vinne: kilimo, viwanda, ulinzi, na sayansi na teknolojia. Wei alidai kuna cha tano, nacho ni demokrasia, na kwamba bila hicho vinne vingine ni ahadi za uongo. Aliweka jina lake na anwani yake. Machi 1979, baada ya China kuvamia Vietnam na kurudi na majeruhi wengi, aliandika tena kwamba Deng naye anaelekea kuwa dikteta. Tarehe 29 mwezi huo akakamatwa, na Oktoba akahukumiwa miaka 15.

Deng aliupanda ukuta ule, na alipofika juu akausukuma chini. Naliandika hili bila kigugumizi, ingawa najua ni mengi mazuri aliyoyafanya baadaye, na mamilioni walikula wakashiba kwa sababu yake. Mwisho wa 1979 ubandikaji ulihamishiwa katika bustani ndogo ambako kila anayetaka kubandika alitakiwa kwanza kuandikisha jina lake. Mwaka 1980 haki ya kubandika mabango ya maandishi makubwa, ambayo Mao mwenyewe aliiweka katika katiba kwa manufaa yake, ikafutwa.

Waliobaki wakisema walikuwa wasanii. Desemba 23, 1978 washairi Bei Dao na Mang Ke walitoa jarida la “Jintian”, lililochapwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na toleo la kwanza wakalibandika ukutani karatasi kwa karatasi. Bei Dao alikuwa kibarua wa ujenzi kwa miaka mingi, mtu wa zege na nondo, wa aina ileile ya waliotumwa kwetu. Mashairi yao hayakutaja Chama wala mapinduzi. Kwa wakaguzi hilo ndilo lililoudhi zaidi, maana wangeweza kujibu shairi la kupinga ila hawakujua walijibuje shairi ambalo halikuwajali.

Kisha kikaja kikundi kilichojiita Nyota. Walinyimwa ukumbi, kwa hiyo tarehe 27 Septemba 1979 wakatundika picha na sanamu zao kwenye uzio wa chuma nje ya Jumba la Sanaa la Taifa. Baada ya siku mbili polisi waliziondoa. Oktoba 1, taifa likisherehekea miaka 30 ya ukomunisti, wasanii waliandamana mjini, na mmoja wa viongozi wao, Ma Desheng, alitembea na magongo yake mstari wa mbele. Miongoni mwao alikuwemo Wang Keping, mchonga mbao ambaye hakuwahi kufundishwa. Sanamu yake moja ni kichwa cha mtu aliyezibwa mdomo kwa kipande cha mti. Nyingine ni uso mnene kama wa Buddha, ila ukiutazama vizuri unamwona Mao. Anayewajua Wamakonde na vinyago vyao hahitaji kuelezwa kwamba gogo la mti linaweza kusema lisilosemeka mkutanoni. Mwaka uliofuata Nyota waliruhusiwa kuingia ndani ya jumba lilelile, maelfu wakapanga foleni kuwatazama, na baada ya hapo mlango ukafungwa. Wengi wao walihamia nje. Kijana mmoja wa kikundi hicho, Ai Weiwei, dunia ilikuja kumjua miaka mingi baadaye.

Sisi je, tulikuwa wapi? Radio Peking ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na kitabu chekundu cha Mao kilisomeka kwa Kiswahili. Lakini redio ya dola hutangaza kilichoshinda. Msikilizaji wa Tunduma aliambiwa leo kwamba Deng ni msaliti, na mwaka uliofuata kwamba ni kiongozi mwenye busara, kwa sauti ileile ya mtangazaji. Waliokuwa na uwezo wa kutufafanulia hawakuwa na nafasi. Abdulrahman Babu, Mzanzibari aliyekuwa miongoni mwa waliotufungulia mlango wa Beijing, alikuwa kizuizini Tanzania Bara tangu 1972, baada ya Karume, rais wa Zanzibar, kuuawa Aprili 7 mwaka ule, na aliachiwa Aprili 1978. Ukuta wa Xidan ulipojaa karatasi alikuwa na miezi michache tu ya uhuru.

Zanzibar nayo ilikuwa na kiti kilichoachwa ghafla. Aboud Jumbe alikirithi, akalegeza kamba, akaleta katiba mwaka 1979 na Baraza la Wawakilishi, lakini Januari 1984 akajiuzulu Dodoma kwa kile tulichozoea kukiita kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Zanzibar haikuwa China, na sitaki msomaji afikiri nalinganisha vifo na vifo. Ila mtu aliyekuwa Unguja miaka hiyo angewaelewa watu wa Beijing haraka kuliko mtu wa Bara, ambako kwa bahati tulikuwa na Mwalimu mmoja tangu mwanzo hadi alipong'atuka 1985.

Mabadiliko ya Beijing yalitufikia kwa njia ya reli yenyewe. Vichwa vya treni vya Kichina vilikuwa dhaifu kwa milima ya Mlimba hadi Makambako, bandari ya Dar es Salaam ilisongamana, na Oktoba 1978 Rais Kaunda wa Zambia akalazimika kuifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haijawahi kuzifikia. Wataalamu wa Kichina walirudi kusaidia uendeshaji, lakini Beijing ya Deng haikuwa na fedha wala hamu ya kujenga nyingine kama hii. Januari 1983 Zhao Ziyang alikuja Dar es Salaam akiwa waziri mkuu na kutangaza kanuni nne za ushirikiano na Afrika: usawa na kunufaishana, kutazama matokeo, kutumia njia mbalimbali, na kuendelea pamoja. Kwa lugha ya kawaida, zama za kupewa reli zilikwisha, na sasa watu wakae wapige hesabu. Wengi walinung'unika. Binafsi naona Zhao alikuwa mkweli kuliko waliomtangulia, na ukweli wake ulitokana na raia wa China kuanza kuuliza fedha yao inakwenda wapi.

Ukweli huo ulimponza baadaye. Hu Yaobang aliondolewa Januari 1987 kwa kuwaonea wanafunzi huruma, na alipokufa Aprili 1989 wanafunzi walijaza Tiananmen kumlilia, kama watu walivyomlilia Zhou mwaka 1976. Zhao, sasa katibu mkuu wa chama, alikwenda uwanjani alfajiri ya Mei 19 na kipaza sauti cha mkononi, akawaambia amechelewa kufika. Kabla ya Juni 4 alikuwa ameshawekwa kando, na vifaru vikaingia bila yeye. Alifungiwa nyumbani kwake Beijing hadi alipokufa Januari 2005. Humo ndani alirekodi kwa siri kaseti kama 30, juu ya kaseti za nyimbo za watoto na opera, akisimulia jinsi maamuzi yalivyofanywa. Marafiki walizitoa nje, na zikawa kitabu mwaka 2009.

Septemba 2024, Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya kuifufua Tazara, na kampuni ya CCECC ya China ndiyo iliyopewa kazi. Ni mpango wa uwekezaji unaotarajia marejesho, kanuni za Zhao zikiwa zimeandikwa upya bila jina lake. Kijana wa Tunduma mwenye bando la kutosha anaweza kukipata kitabu cha Zhao kwenye simu yake usiku huuhuu. Mhandisi wa Kichina atakayekuja kukagua mataruma ya mpakani, akiwa kwao, haruhusiwi kukinunua.